Kijana Tuliyemchukia Kitabuni

Jambo hili nilitaka kulificha, lakini nimeona heri niwaambie.

Katika kikundi chetu cha kusoma, hapa Kindu, tunasoma Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, iliyotoka mwaka 1974. Watoto wetu wanarudi na vitabu vya Kifaransa. Sisi tulifurahi kupata kimoja katika lugha tunayosali nayo na kupatana nayo bei sokoni. Kila siku ya posho mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanachambua sombe.

Anayesimulia ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi kwao Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Ana majivuno. Anaona ujinga wa kila mtu isipokuwa wake. Manase anapomtia mimba Rukia, dada yake, Kazimoto anawaka hasira. Lakini kisasi anachowaza ni kumharibu Sabina, dada wa Manase. Yaani msichana alipe deni la kaka yake! Tulimtukana mpaka sombe ikasahaulika. Mama mmoja akasema, "Tukifunge. Kitabu gani hiki, hakina mtu wa kupenda?"

Mimi nilitukana kuliko wote. Kisha zamu yangu ya kusoma ikafika, nikakuta Rukia anakufa. Sauti ikanikatika.

Mwaka jana kijana wangu alimtia mimba binti wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Wazazi walipokuja, niliwaambia watafute baba kwingine. Juma lile lile nikamtuma kijana Kisangani kwa mjomba wake. Nilijiambia: ana masomo, msichana mwenyewe alijitakia, mama gani hamlindi mtoto wake? Kila neno lilikuwa na sababu yake, kama vile Kazimoto anavyokuwa na sababu kwa kila jambo. Nilikuwa nimemchukia mtu anayesema kama mimi.

Siku ya yenga nilivuka Lualaba kwa mtumbwi, na sabuni, sukari na kikwembe kimoja. Mama wa yule binti aliniacha nimesimama mlangoni muda mrefu. Hatimaye akasema, "Ingia, mama. Jua ni kali." Wakaniletea mtoto. Ni wa kike, ana masikio ya kijana wangu.

Hawajanisamehe. Zawadi walipokea, kikwembe wakakirudisha. Nimempigia kijana simu, nikamwambia arudi likizo hii, tuende wote pamoja na baba yake. Alinyamaza. Mimi nitavuka hata akikataa.

Kitabu tunaendelea nacho. Kazimoto bado simpendi. Lakini mama aliyetaka tukifunge, sasa ndiye anayefika wa kwanza, na juzi aliniuliza polepole kama mtumbwi wa Alunguli unaondoka saa ngapi. Sikumwuliza sababu.