Vitabu Vinne na Daftari Moja



Tangu Mfungo Mosi uliopita hadi Shaaban hii tunayoimaliza, sisi wanawake saba wa mtaa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, tumekuwa tukikutana kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri ili kusoma. Mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza, na mikono haikosi kazi: huyu adarizi kofia, yule achambua mchele. Mabinti zetu wawili hukaa nasi, na kitini huketi Bibi, mkubwa wetu sote, ambaye macho yake yamefifia lakini kumbukumbu yake ingali nzima. Vitabu tulivyovipitia ni vingi. Vinne tunavitaja hapa kwa kuwa vyote vilitusukuma kwenye jambo moja.

Cha kwanza ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Wakati huo alikuwa mjane na mgonjwa. Wengi wetu tuliujua utendi huu kwa vipande tulivyosikia kwa wakubwa, tukauhesabu kuwa ni orodha ya wajibu wa mke. Tulipousoma mwanzo hadi mwisho tulimwona mama anayejua kuwa siku zake ni chache, akimwita mwanawe akae karibu, alete wino na karatasi. Humo mna dini, adabu, ulimi wa kweli, mume na nyumba, kisha dua ndefu.

Si yote tuliyoyakubali. Anapomwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, mwenzetu mmoja alikiweka kitabu chini, akasema kwamba huenda bibi zake yeye walikuwa miongoni mwa hao walioepukwa. Hakuna aliyemjibu kwa haraka. Mwishowe tuliafikiana kwamba wasia wa mzazi hupokewa kwa heshima na kwa akili pamoja, na kwamba hata hilo la kutukwaza tusingeweza kulijadili lau halikuandikwa.

Cha pili ni kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman na Unguja, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Katika zama zake wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kubadili dini. Jambo hilo lilituhuzunisha, wala hatukulificha tulipolizungumza. Mwaka 1870 mumewe alifariki, akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na mwenyewe aeleza kwamba alianza kuyaandika maisha yake kwa ajili ya wanawe, wasiojua asili ya mama yao. Kati yetu wamo wenye wana na wajukuu Uingereza na Marekani. Tuliposoma hayo, kila mmoja alijiuliza kimoyomoyo watoto hao watajua nini juu yetu zaidi ya sura iliyo kwenye simu.

Cha tatu ni Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980. Wawili kati yetu walitaka tuiruke kwa sababu ya mabinti, kwani imo mitaani na katika nyumba zisizo na heshima. Tuliamua kuisoma pamoja nao, sisi tukiwepo. Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa mbele za watu. Nyumbani humfungia binti yake Maimuna, huku yeye mwenyewe akitenda nje yale asiyotaka yasikiwe ndani. Siku Maimuna atokapo, hana hata chembe ya ujuzi wa dunia, na dunia haimhurumii. Tulipomaliza tulitarajia mabinti wetu waseme kwamba wazazi ni wakali. Mkubwa wao, mwenye miaka kumi na saba, alisema neno jingine: "Maimuna hakuambiwa kitu. Aliamriwa tu." Mama yake aliacha kushona. Usiku ule, alitueleza baadaye, walikaa hadi saa nne wakizungumza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuzungumza naye alipokuwa na umri huo. Tuliulinganisha ukimya wa nyumba ya Maksuudi na karatasi ya Mwana Kupona, tukaona kuwa mlango uliofungwa haumlei mtoto.

Cha nne ni Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kwenda mjini kuviuza. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Tunayajua maisha yake kwa sababu mwandishi aliona inafaa kumwendea mama mtu mzima, akae, amsikilize na kuandika. Asiyeshika kalamu alihitaji mtu wa kuishika kwa ajili yake.

Tulikuwa bado katika kitabu hicho posa ilipopelekwa katika nyumba moja ya mtaani. Kijana alikuwa mwema, binti ameridhia, na wazee wamekubaliana. Bibi alipotajiwa jina la mama wa kijana aliomba jambo lisimame. Mama huyo alifariki kwa uzazi, na mtoto, kabla ya kuchukuliwa na shangazi yake Malindi, alinyonyeshwa mwezi mzima na jirani. Jirani huyo, ambaye naye ni marehemu sasa, ndiye aliyemzaa binti anayeposwa. Masheikh waliulizwa, na vijana wale leo huitana ndugu. Kati yao na ndoa ya haramu palibaki kinywa kimoja tu, cha mtu mwenye miaka 89.

Alhamisi iliyofuata tulinunua daftari. Bibi alikataa kwanza, akasema siri za nyumba za watu haziandikwi. Tulimkumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, ili haki ya mtu isipotee. Alifikiri, kisha akakubali kwa sharti: liandikwe la kumhifadhi mtu, lisiandikwe la kumfedhehesha. Sharti hilo ndilo ukurasa wa kwanza. Baada yake ni nani alimnyonyesha nani, nasaba za nyumba tatu, amana na madeni yake mwenyewe, makaburi ambayo hayana tena alama, dua alizofundishwa na mamake, na dawa ya mzazi aliyetoka kujifungua. Anayeandika ni yule binti wa miaka kumi na saba. Penye neno la kale asilolijua huuliza, na Bibi humweleza, na maelezo nayo huandikwa.

Ndugu zetu, Ramadhani iko mlangoni na watoto wataketi nasi futarini kila jioni. Katika kila nyumba yuko anayejua lisilojulikana na mwingine. Muulizeni angali anajibu, na mmoja wa watoto ashike kalamu. Nasi, tutakapokutana tena baada ya Idi, tutaanza na Utendi wa Mwana Kupona kwa mara ya pili, kwa kuwa Bibi ameomba usomwe naye akilinganisha na ule aliousikia utotoni. Asema kuna beti ambazo hazimo kitabuni.

Wabillahi taufiq.