Kuhamia Mitundu: Mgeni Aanzie Wapi?

Ndugu msomaji, je, umewahi kuhama? Labda uliondoka kijiji ulichozaliwa, ukaenda kuishi mahali usipomjua mtu. Kama ulifanya hivyo, unajua kwamba kuhama si kubeba mizigo tu. Kuhama ni kujifunza upya. Unajifunza njia, maji, watu na desturi.

Leo twende pamoja Mitundu. Mitundu ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida. Huko wenyeji na wageni wanaishi pamoja. Tutaona mgeni anaanzaje maisha, na afanye nini ili awe mkazi wa kweli.

SAFARI

Ukitaka kwenda Mitundu, fika kwanza Itigi. Itigi ni mji mdogo kwenye Reli ya Kati. Reli hiyo ilijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914.

Karibu na Itigi utaona vichaka vizito. Miti yake si mirefu, lakini imesongamana. Mtu hupenya kwa shida. Wakati wa kiangazi majani hupukutika yote. Mvua zikinyesha, nchi huwa kijani. Wataalamu wa mimea duniani wanavijua vichaka hivi, na huviita kwa jina la Itigi. Vichaka vya namna hii ni vichache sana. Vingine viko Zambia.

Kutoka Itigi unashika njia ya kwenda kusini, upande wa Rungwa. Vichaka vinakwisha. Unaingia katika misitu ya miombo. Hii ni nchi ya nyuki na asali. Lakini pia ni nchi ya mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo.

WENYEJI NA WAGENI

Wenyeji wa zamani wa nchi hii ni Wakimbu. Toka zamani Wakimbu ni watu wa msitu. Wanajua kuchonga mizinga, kurina asali na kuwinda. Wakati wa utawala wa Waingereza, Wakimbu wengi walihamishwa na kukusanywa katika makazi makubwa. Sababu yake ilikuwa ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o. Kwa hiyo hata wenyeji wanajua maana ya kuhama.

Baadaye watu wengine walikuja. Wagogo na Wanyaturu walitoka sehemu nyingine za nchi ya kati. Wasukuma walikuja na ng'ombe wao na majembe ya kukokotwa. Kila watu walikuja na ujuzi wao. Msukuma anajua maksai. Mkimbu anajua nyuki. Mgogo anajua kulima mtama na uwele mahali penye mvua haba.

Asubuhi mmoja anasema "Mwangaluka". Mwingine anasema "Mbukwenyi". Lakini wote wanapokutana kisimani, zahanati au mkutanoni, wanazungumza Kiswahili. Lugha hii ndiyo daraja lao.

SIKU ZA KWANZA

Tuseme wewe ni mgeni. Umefika na mke wako, watoto wanne, majembe mawili na ng'ombe wachache. Ufanye nini?

Kwanza, usijifiche. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mweleze unatoka wapi na umekuja kufanya nini. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji. Mpe barua ya utambulisho kutoka kijiji ulichotoka. Kama una mifugo, mwonyeshe kibali cha kuihamisha. Mtu mwenye barua anaulizwa maswali machache. Mtu asiye na barua anatiliwa shaka, hata kama moyo wake ni safi.

Pili, uliza habari za maji. Mvua za huku ni za msimu mmoja. Huanza kama Novemba au Desemba na kwisha kama Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Usijenge nyumba kabla ya kujua maji ya mwezi Oktoba yanapatikana wapi. Muulize mkeo pia, maana mara nyingi yeye ndiye atakayebeba ndoo.

Tatu, wapeleke watoto shule. Chukua barua ya uhamisho kutoka shule ya zamani. Mtoto asikae nyumbani mwaka mzima akichunga ng'ombe kwa sababu tu baba yake amehama.

Nne, jihadhari na magonjwa. Mtu akipata homa isiyokwisha, kichwa kikamuuma, na akawa anasinzia mchana, mpeleke zahanati upesi. Huenda ni malaria. Huenda ni malale. Usingoje. Ugonjwa ukizidi, Itigi kuna Hospitali ya Mtakatifu Gaspar.

ARDHI SI YA KUNUNUA GIZANI

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Jambo hilo ni shamba.

Mgeni akifika huona msitu mkubwa. Anafikiri, "Ardhi hii haina mwenyewe." Hapo ndipo ugomvi huanza. Msitu una wenyewe. Pengine ni msitu wa kijiji. Pengine mzee fulani ametundika mizinga humo tangu ujana wake. Pengine ni malisho. Pengine ni hifadhi ya Serikali, kama Pori la Akiba la Rungwa, ambako hairuhusiwi kulima wala kuchunga.

Wakati mwingine mtu mjanja humwambia mgeni, "Nipe ng'ombe wawili, nitakupa shamba." Wanaandikiana karatasi usiku. Mgeni anafyeka, anapanda, anajenga. Baada ya miaka michache kijiji kinamwambia aondoke. Ng'ombe wamekwenda, na jasho lake limepotea bure. Watoto wanahama tena.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka njia iliyo wazi. Mwombaji wa ardhi hupeleka maombi kwa halmashauri ya kijiji. Lakini halmashauri haiwezi kugawa ardhi peke yake. Ni lazima mkutano mkuu wa kijiji ukubali kwanza. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi, wanaume kwa wanawake. Maombi yakikubaliwa, mtu anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mwanamke naye ana haki ya kupata ardhi. Mila inayomnyima haki hiyo haikubaliwi na sheria.

Njia hii ni ndefu. Mgeni huchoka kungoja mkutano. Lakini ardhi iliyotolewa mbele ya watu wote ina mashahidi wengi. Ardhi iliyotolewa gizani ina shahidi mmoja, naye anaweza kukukana.

MSITU UKIISHA

Mgeni ana haki, na ana wajibu pia. Tazama tumbaku. Tumbaku inayokaushwa kwa moto huhitaji kuni nyingi. Kama kila mkulima atakata miti bila kupanda, msitu utarudi nyuma kila mwaka. Nyuki watahama. Mwenyeji aliyempokea mgeni atakosa asali yake. Kwa hiyo mgeni mwema hupanda miti karibu na shamba lake. Huchunga mahali palipotengwa kwa malisho. Ng'ombe wake wakiingia katika shamba la jirani, huenda mwenyewe kumwona jirani kabla ya kuitwa.

Mwenyeji naye ana wajibu. Asimwite mtu "mgeni" miaka 20. Mtu aliyechimba kisima pamoja nawe na kuzika wazee wake hapo si mgeni tena. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

DUNIANI NI HIVYO HIVYO

Mambo haya si ya Mitundu tu. Huko Ulaya, wazee wengi kutoka Uingereza na Ujerumani huhamia visiwa vya Ugiriki, kama vile Krete. Wanafuata jua na bahari. Wana fedha, lakini nao huanzia kwenye ofisi. Wanajiandikisha au kuomba vibali vya kukaa. Wanajifunza Kigiriki ili waweze kuzungumza na muuza mkate na daktari. Na zamani Wagiriki wenyewe walihama, wakaja Tanganyika kulima mkonge na kahawa. Leo mtu anapokea wageni, kesho yeye ndiye mgeni.

Hapa kwetu uko mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1972 watu wengi wa Burundi walikimbia mauaji nchini mwao, wakaja Tanzania. Walipewa mahali pa kuishi katika misitu ya miombo kama hii: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka, wakalima, wakasomesha watoto. Walikaa zaidi ya miaka 35 wakiitwa wakimbizi. Mwishoni, zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 Serikali ilianza kuwapa vyeti vyao.

Kwa nini cheti kilikuwa kitu kikubwa kwao? Walikuwa na nyumba. Walikuwa na mashamba. Lakini mtu asiye raia hawezi kupiga kura. Hawezi kumiliki ardhi, isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Mtoto aliyezaliwa Katumba aliweza kukua, kuoa na kupata wajukuu, huku bado ni mgeni. Cheti ndicho kilichobadilisha jambo hilo.

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma. Mgeni akija kijijini kwako, msomee barua yake kama yeye hajui. Na wewe ukihama, soma kila karatasi kabla ya kuweka sahihi au dole gumba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kijiji chenu, mgeni akifika huanzia kwa nani?
2. Ni nani anayekubali maombi ya ardhi kabla haijagawiwa?
3. Je, kijiji chenu kimetenga malisho, mashamba na msitu? Kama bado, ni nani atakayelisema jambo hili katika mkutano mkuu ujao?