Daftari la Mzee wa Duka

Juzi wamelibomoa lile duka la mabati pale kona ya Kabiria, zijengwe fleti. Mpwa wangu, aliyezaliwa mwaka mmoja na M-Pesa, alinikuta nimesimama kando ya kifusi. "Mjomba, kwani unalilia kibanda?"

Kilichonijia kwanza ni harufu: mafuta ya taa, sukari guru, ugoro na sabuni ya mche, vimekaa karibu karibu hata chai yetu ilinukia koroboi. Nyuma ya kaunta alisimama Mzee, mkono wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye mashine ya kiwanda fulani. Alikuwa akisema duka hilo lilijengwa na vidole, maana fidia ndiyo iliyonunua mabati.

Aliifuatia fidia hiyo miaka miwili, na alipoipata alikuwa ameshahitimu. Alijua kwamba sheria ya zamani ya fidia ilikuwa na jedwali lake, kila kiungo na asilimia yake. Basi kibarua akianguka mjengoni, aliletwa kwa Mzee bendeji haijakauka. "Nani aliona?" Hilo ndilo swali la kwanza. "Mshahara unatia sahihi wapi?" la pili. Barua aliiandika kwa wino wa bluu, nakala kwa kaboni. Hakulipisha, ila uondoke umenunua kitu, hata kiberiti.

Wasio na mwajiri walikuwa na daftari lao. Mama mmoja muuza sukuma wiki alipooza upande mmoja, nami ningeapa ilikuwa 1984, mwaka wa mahindi ya njano. Dada yangu anasema la, ni 1986, yeye alikuwa ameshaolewa. Haidhuru. Mzee aliandika majina, shilingi tano tano, na aliyeahidi asitoe alisomewa jina lake mbele ya wateja. Nilimwona askari wa kanjo akilipa huku anatazama viatu vyake.

Baadaye sheria zikaja kwa wingi: ya watu wenye ulemavu 2003, ya fidia mpya 2007, iliyozozaniwa hadi Mahakama ya Juu ikaamua Desemba 2019. Kuanzia 2011 serikali ikaanza kuwapa wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zikakaa 2,000 zile zile miaka mingi. Unga ndio haukusubiri. Jirani yangu ana mwana wa kulishwa na kugeuzwa kitandani, na alimbeba mgongoni mara nne kwenda kuthibitishiwa kilema ambacho mtaa mzima ulikijua tangu akiwa mchanga.

Bima ya afya ya NHIF nayo ikazikwa 2024, tukapewa SHA. Mpwa alinisajili kwa simu, *147#, dakika chache tu, na nakiri nilifurahi. Kisha nikaanza kuulizwa paa ni la nini, choo ni cha aina gani, ili nikadiriwe mchango. Mzee angekadiria kwa kutazama nilivyonunua sukari, na angejua pia nani ananidai.

"Na yeye alipougua?" mpwa akauliza.

Zilikuwa figo. Watoto wake walifungua kundi la WhatsApp na nambari ya Paybill. Niliahidi elfu tano, nikatuma mbili. Hakuna aliyesoma jina langu.