Mwanao hajapandishwa cheo? Usimhukumu haraka

Kila mwaka barua za vyeo zikishatoka ofisini kwetu, hupigiwa simu na mzazi mmoja au wawili tunaofahamiana. Swali ni lilelile: "Dada, mwanangu kakosa nini?"

Mimi ni meneja katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu hapa Dar es Salaam, na ni mama wa watoto watatu. Swali hilo linanigusa pande zote mbili.

Wengi wetu tulilelewa na walimu na watumishi wa serikali. Kule ukifanya kazi vizuri na miaka ikatimia, unatarajia daraja jipya. Kampuni za ukaguzi, kama zilivyo nyingi za sheria na ushauri, zimejengwa kama piramidi. Juu kuna wabia wachache, ambao ndio wenye kampuni na hugawana faida. Chini yao wapo mameneja, kisha wakaguzi waandamizi, na chini kabisa kundi kubwa la vijana waliotoka chuo. Hao ndio wanaohesabu mali ghalani, kupekua risiti na kukesha miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa kuwa kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba 31.

Tuseme wameajiriwa vijana 12 kwa pamoja. Baada ya miaka sita, nafasi za umeneja zikipatikana mbili, kumi watakosa hata kama wote ni hodari. Hesabu hiyo ilikuwepo kabla mwanao hajaandika barua ya maombi.

Bidii bado ina kazi yake. Bila CPA, inayotolewa na bodi ya wahasibu, NBAA, ni vigumu sana kuufikia umeneja, hata uwe mchapakazi namna gani.

Mwaka jana nilikaa na binti mmoja wa timu yangu. CPA anayo, wateja wanampenda. Nafasi ilikuwa moja, akapewa mwenzake. Nikamweleza wazi kwamba sioni nyingine ikifunguka karibuni. Alinyamaza, kisha akasema, "Dada, mimi nimeelewa. Ila baba nitamwambia nini?" Mzee alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba binti yake anakuwa meneja.

Aliondoka. Leo ni mhasibu mkuu wa kiwanda, na anarudi nyumbani mapema kuliko mimi. Kazi aliyoipata ilitokana na miaka ile sita ya kukesha.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, badala ya "utakuwa bosi lini?", muulize: umebakiza masomo mangapi ya CPA? Nani anakufundisha kazi? Mbele yako wako wangapi, na nafasi ni ngapi? Akikwambia ameamua kuhama, msikilize kwanza. Wapo vijana wanaozeekea kwenye foleni isiyosogea, kwa sababu tu wanaogopa maneno ya nyumbani.