Hesabu ya Hewa na Mafuta

Msomaji, injini ya gari hula vyakula viwili, hewa na petroli, na uzima wake hutegemea kipimo cha kila kimoja. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili vyote viungue pasibaki kitu. Hewa ikizidi kipimo hicho, husemwa kuwa mchanganyiko ni mwepesi. Petroli ikizidi, husemwa kuwa ni mzito. Yashike maneno haya mawili, kwa sababu ndani yake mna habari ya injini nyingi zilizodumu na nyingi zilizokufa.

Zamani kazi ya kupima ilifanywa na kabureta, na fundi aliirekebisha kwa bisibisi na kwa sikio lake. Siku hizi hufanywa na kompyuta ndogo iliyomo garini. Katika magari mengi kipo chombo katika njia ya hewa ambacho huiambia kompyuta uzito wa hewa inayoingia, nayo huamuru nozeli zinyunyize petroli ya kuitosha hewa hiyo. Walakini kompyuta haijiamini kabisa. Katika bomba la ekzosi kimewekwa kitambuzi cha oksijeni, ambacho magari ya Volvo yalianza kukitumia mwaka 1976. Kazi yake ni kunusa moshi na kutoa habari: hewa imezidi, au petroli imezidi. Kompyuta ikipata habari hiyo huongeza au hupunguza petroli papo hapo. Hilo ni sahihisho la muda mfupi. Ikiona kwamba inaongeza kila mara kwa kiasi kile kile, hukiandika kiasi hicho katika kumbukumbu yake. Hilo ni sahihisho la muda mrefu. Yote mawili huhesabiwa kwa asilimia, na fundi huyasoma kwa chombo kinachochomekwa chini ya usukani.

Nimependa kukaa katika gereji tangu ujana wangu, na kwa miaka kadha nimemtazama fundi mmoja wa Nairobi akiifanya kazi hii. Wanaomjia ni vijana waliokulia katika habari za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Wametia chujio pana la hewa, nozeli kubwa, ekzosi nene, na pengine tabo, yaani feni inayozungushwa kwa moshi ili isukume hewa nyingi silindani. Kila mmoja huwa na ombi moja: gari likanyagwe mafuta hadi mwisho, leo hii, nguvu zake zipimwe. Jibu la fundi nalo ni moja: “Kwanza nionyeshe linavyokwenda polepole.” Vijana hununa. Nilipomwuliza sababu alinionyesha kwa hesabu, na hesabu yenyewe nakupa wewe.

Tuseme kijana ametia chujio na bomba pana kuliko lile la kwanza. Chombo cha kupimia hewa kilizoea bomba la kwanza. Sasa hupita gramu 110 za hewa nacho hutangaza 100. Kompyuta hutoa petroli ya hewa gramu 100, yaani gramu 6.8, hali iliyotakiwa ni karibu gramu 7.5. Mchanganyiko ni mwepesi. Gari likienda polepole hakuna madhara: kitambuzi hunusa, kompyuta huongeza asilimia 10, na dereva hajui kwamba pana kasoro.

Sasa na akanyage mafuta hadi mwisho. Hapo injini haitaki tena 14.7 kwa 1. Hutaka petroli zaidi, kama hewa 12 kwa petroli 1, ili ipate nguvu, na ili petroli ya ziada ipunguze joto. Lakini kitambuzi cha kawaida hukijua vizuri kipimo kimoja tu, kile cha 14.7, mbali na hapo huweza kusema kuwa mchanganyiko ni mzito, wala hakiwezi kusema ni mzito kwa kiasi gani. Kwa hiyo kompyuta huacha kukisikiliza, ikafuata jedwali lake peke yake. Msahihishaji hunyamaza saa ile ile ambayo kosa ni la hatari zaidi. Ile 12 iliyokusudiwa huwa 13.2, na katika injini yenye tabo tofauti hiyo si ndogo. Mchanganyiko huripuka ovyo badala ya kuungua kwa utaratibu, injini hugonga, na joto hupanda. Pistoni nyingi ni za aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na moto wa silindani hupita nyuzi 2,000.

Mambo hayaishii hapo. Kompyuta nyingine hulichukua sahihisho la muda mrefu hata mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, nyingine huliacha. Ikiliacha, upungufu hurudi kama tulivyoona. Ikilichukua, huenda ikachukua dawa ya ugonjwa mwingine. Mpira uliopasuka huingiza hewa ya wizi injini inaponguruma gari limesimama, na kompyuta huongeza petroli. Lakini mafuta yakikanyagwa hadi mwisho hewa hiyo si kitu mbele ya hewa yote inayoingia, na nyongeza ile ni ya bure. Vilevile kompyuta iliyozoea kupunguza katika mwendo wa polepole huweza kupunguza pale ambapo petroli ndiyo kinga ya pistoni.

Nakumbuka kijana mmoja ambaye hakutaka kungoja. Sahihisho la gari lake lilisimama kwenye asilimia 14 za kuongeza. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu lile lilionekana wazi; walakini alilichukua gari akaenda kwa mtu mwingine aliyemwahidi kuimaliza kazi jioni ile. Baada ya siku chache gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Kijana alikuwa ameweka akiba miaka miwili. Fundi hakumsimanga. Aliifuta pistoni kwa kitambaa, akamkabidhi, akaenda kunawa mikono.

Kazi ifanywe vipi, basi? Kwanza hutafutwa hewa ya wizi, ikazibwa. Hutazamwa nguvu ya pampu ya petroli, plagi, na uzima wa kitambuzi chenyewe. Kisha kompyuta huambiwa ukubwa wa kweli wa nozeli mpya. Injini huachwa ipate moto, na sahihisho husomwa gari limesimama. Halafu gari huendeshwa polepole, kisha kwa mwendo wa kadiri, na kila kiasi cha hewa huandikwa pamoja na sahihisho lake. Palipoongezwa asilimia 8, kipimo cha hewa katika jedwali huinuliwa asilimia 8 mahali pale pale; palipopunguzwa, hushushwa. Kumbukumbu hufutwa, gari huendeshwa tena, na kazi hurudiwa hata sahihisho likae kati ya asilimia 5 za kuongeza na 5 za kupunguza. Ndipo mafuta hukanyagwa hadi mwisho, si barabarani penye watu, bali juu ya mashine ya kupimia nguvu, na kitambuzi cha pili kiwepo, kile kiwezacho kutaja kipimo chochote.

Hata hapo fundi hana haraka ya kujisifu. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Gari lisilo na tabo likishuka Mombasa hukutana na hewa nzito ambayo halikupata kuivuta, na kompyuta hufungua kurasa za jedwali ambazo hazikujaribiwa Nairobi. Kwa hiyo fundi humwomba mwenye gari aandike vipimo vyake huko na kuvileta.

Msomaji, huenda usipate kushika bisibisi maishani mwako. Lakini wewe nawe unaye msahihishaji. Mwalimu hutia wino mwekundu katika daftari lako, nawe hupita kwa msaada wake hali kosa limebaki palepale katika jedwali la akili yako. Katika chumba cha mtihani mwalimu hunyamaza. Usihesabu alama alizokuongezea. Hesabu ni mara ngapi amekusahihisha jambo lile lile, kisha ulirekebishe mwenyewe sasa, wakati mwendo ungali wa polepole.