Safari ya Kwanza Kushuka Tanga

Nilikuwa sijawahi kuvuka Mombo. Huko Lushoto nilikuwa nimejifungua mtoto mfu, mimba ikiwa na miezi minane. Kituoni walinipa dawa za maumivu wakaniambia nikapumzike. Tarehe ya kurudi sikupewa. Pale tarehe waliandika kwenye kadi ya mtoto, nami sikuwa na kadi. Maziwa yakaja hivyo hivyo. Majirani wakaniambia, "Nyamaza, Mungu atakupa mwingine." Nikanyamaza kweli: chakula hakipiti, usingizi hauji.

Wifi yangu anayeuza mboga Tanga alipokuja kunipa pole, alimwambia kaka yake, "Huyu hadeki, anaumwa. Nashuka naye."

Tuliondoka alfajiri. Zile kona za kuteremka Soni zilinizungusha kichwa, na Mombo joto likatupokea. Abiria wote wakavua masweta. Baada ya Korogwe ni mkonge pande zote. Muheza, mama wa kiti cha pembeni aliniomba nimpakatie mwanawe anunue machungwa. Yule mtoto alipolia tu, blauzi yangu ikalowa. Wifi akamchukua bila kusema neno, akanitupia kanga nijifunike.

Hospitalini muuguzi alifunga mlango kwanza, kisha akamwomba wifi asubiri nje. Alikuwa na karatasi ya maswali 9, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: raha ya kufanya mambo, usingizi, hamu ya kula, kujiona umeshindwa. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 kwa "hapana kabisa" hadi 3 kwa "karibu kila siku". Swali la mwisho aliliuliza polepole: je, huwa unaona afadhali ufe? Nikasema ndiyo. Hakushtuka. Aliuliza kama nimepanga lolote, na usiku nalala na nani.

Alama zangu zilipita 10. "Karatasi hii peke yake haitoi jina la ugonjwa," akasema, "ila kuanzia 10 hatukuachi uende hivi hivi." Tukaongea. Mtoto alikuwa wa kike; muuguzi huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza hilo. Alinifundisha kutuliza matiti kwa kitambaa cha baridi na kuacha kuyakamua ovyo. Akaniandikia tarehe ya kurudi, akataka mume wangu aje pia, maana naye amefiwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi aonwe tena na tena hadi wiki ya sita baada ya kujifungua. Aliyetoka wodini mikono mitupu naye ni mzazi. Maswali yale huchukua dakika chache, na muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa kuyauliza. Wahudumu wetu, mwandikieni mzazi huyo naye tarehe ya kurudi. Nanyi majirani, badala ya kumwambia anyamaze, muulizeni amelala vipi, kisha mkae mmsikilize.