Wapangaji Wawili na Bawabu Mmoja

Kusakinisha ni kumpa mtu maskani. Mwenye kusakinisha mfumo katika kompyuta, basi, ni kama mwenye nyumba anayempokea mpangaji: hana budi kumpa chumba na kumwonyesha mlango. Jambo hili ni jepesi mpangaji akiwa mmoja. Wakiwa wawili, na mmoja amemzidi mwenziwe umri, utaratibu wa kuingia hushinda ukubwa wa nyumba.

Msomi mmoja aliyafahamu haya kwa taabu mwaka 2012. Kompyuta yake ilikaliwa na Windows 7, mfumo uliotolewa Oktoba 2009, na ndani yake mlikuwa na tasnifu ya miaka minne ambayo hakuiwekea nakala mahali pengine. Alikuwa pia na mashine kuukuu ya kusomea filamu za picha, na sanduku la filamu alizoziacha marehemu baba yake. Mashine ilikuwa nzima, walakini watengenezaji hawakuiandikia programu ya kuipatanisha na Windows 7. Ilisikilizana na Windows XP tu, mfumo wa Oktoba 2001. Hakutaka kuitupa mashine, wala kuuhama mfumo mpya. Akakata shauri mifumo yote miwili ikae katika diski moja.

Akaigawa diski sehemu mbili, akatia sahani ya Windows XP, akafuata maagizo hatua kwa hatua. Hapakutokea kosa lolote. Lakini kompyuta ilipowaka tena, Windows XP ilifunguka moja kwa moja bila kuuliza swali, na Windows 7 haikutajwa hata jina. Msomi aliketi kimya kama mtu aliyerudi safari akakuta mahali pa nyumba yake pana uwanja. Kisha, kwa hofu, akatafuta sahani ya Windows 7 ili afute sehemu ile na kuanza upya. Laiti angefanya hivyo, angaliiua tasnifu kwa mkono wake mwenyewe.

Mpwa wake, mwanafunzi wa chuo, alimkuta ameishika sahani.

“Mjomba, usifute kitu. Umetazama ndani ya diski?”

“Nitazame nini, mwanangu, na mfumo umekwisha kufa?”

Msichana akaifungua sehemu ya pili akiwa humo humo ndani ya Windows XP. Mafaili yote yalikuwapo, na tasnifu ilikuwapo, kwa ukubwa wake na tarehe yake. Kilichopotea kilikuwa mlango tu.

Akamweleza mjomba wake sababu. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512: baiti 446 ni za maagizo, 64 ni za orodha ya sehemu za diski, na 2 ni za alama ya mwisho. Maagizo hayo huitafuta sehemu iliyowekwa kuamsha kompyuta, na sekta ya kwanza ya sehemu hiyo humwita bawabu. Bawabu wa Windows 7 huitwa BOOTMGR. Bawabu wa Windows XP huitwa NTLDR. Windows XP ilipoingia mwisho ilimweka bawabu wake mlangoni, na bawabu huyo, aliyeandikwa mwaka 2001, hakuweza kumtambua mgeni wa mwaka 2009. Hakuwa na uadui. Hakuwa na habari. BOOTMGR, aliyezaliwa nyuma, alifundishwa kumjua mkubwa wake na kumpisha.

Kwa hiyo tiba ilikuwa fupi. Msichana alitia sahani ya Windows 7, akachagua kutengeneza badala ya kusakinisha, akamrudisha BOOTMGR kwa amri ya bootrec. Windows 7 ilipoamka, aliandika kwa amri ya bcdedit jina la mfumo wa zamani katika daftari la bawabu. Kompyuta ilipowashwa tena, majina mawili yalisimama pamoja katika menyu, yakingoja kuchaguliwa.

Kanuni, basi, ni hii: wa zamani atangulie kuingia, wa sasa afuate. Mkubwa halaumiwi kwa kutowajua waliozaliwa baada yake. Wajibu wa kujua u juu ya aliyekuja nyuma, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nafasi ya kujifunza. Na anayeogopa asifute kitu kabla ya kutazama.

Microsoft iliacha kuutunza mfumo wa XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Anayewahifadhi wazee hawa leo yafaa awaweke mbali na intaneti. Msomi, kwa upande wake, usiku ule hakuanza na filamu. Alianza kwa kunakili tasnifu mara mbili. Ndipo akaiwasha Windows XP, akaingiza filamu ya kwanza katika mashine, akangoja. Picha ilishuka mstari kwa mstari, mpaka uso wa mama yake ukatokea, angali msichana, akimcheka mpigaji.